Kilo za Nani? Namna ya Kumfahamisha Karani Alichokitaka Mtunzi wa Fomu

Diko ni mahali vyombo vya uvuvi vinapoteremsha samaki. Chukua fomu yake, ile anayoijaza Bwana Diko, mwenye kuandika samaki wa hapo, vyombo vinapotia nanga. Katikati yake pana kisanduku kilichoandikwa "Samaki (kg)". Chombo kimefika Tumbe, Pemba, na matenga matatu. Kabla ya mnada, mabaharia sita wameshatoa kitoweo chao, kila mmoja na mtungo wake, na nahodha ametuma kapu nyumbani. Kilichobaki kinapimwa na kuuzwa. Ziandikwe kilo zipi?

Jawabu halimo kisandukuni, limo kichwani mwa aliyetunga fomu. Ikiwa alitaka kujua bahari imetoa kiasi gani, kitoweo kimo, kwa sababu samaki aliyekwenda jikoni naye katoka baharini. Ikiwa alitaka kujua biashara ya mnadani, kitoweo hakimo. Bwana Diko mmoja ataandika 62. Mwengine, kwa chombo kile kile, ataandika 48 na pembeni ataongeza kwa kalamu "+ kitoweo". Fomu zote mbili zitafika Wete au Chake, mbele ya karani ambaye skrini yake haina pembeni pa kuandikia. Atachagua, na karani wa meza ya pili atachagua kinyume chake. Makosa mengi yanayoitwa ya karani ni ya namna hii.

Muongozo huu ni wa wale wanaosimamia meza za kuingiza taarifa. Tutakwenda na fomu ya samaki, kwa kuwa ina karibu mitego yote. Penye haja tutapita kliniki na kwenye dodoso la kaya.

Uliza kazi ya namba

Ukimuuliza mtunzi "kisanduku hiki maana yake nini?" atakusomea kilichochapwa: ni samaki, kwa kilo. Muulize hivi: "Namba hii ikishakusanywa itajumlishwa na nini, itagawanywa kwa nini, itatokea kwenye jadweli gani?" Hapo ndipo anapofunguka. Akisema kwamba kilo za vyombo vilivyopimwa zitagawanywa kwa idadi ya vyombo hivyo, kisha zizidishwe kwa vyombo vyote vilivyotia nanga mwezi mzima, ili kupata mavuno ya diko, umeshapata majawabu matatu kwa mpigo. Kitoweo kimo. Chombo kilichorudi kitupu kimo. Na kile kisanduku kidogo cha "idadi ya vyombo vilivyokwenda", ambacho kila mtu hukipitia mbio, ndicho kinachobeba hesabu nzima.

Wape makarani hesabu hiyo ubaoni. Vyombo vitano vimepimwa: kilo 20, 0, 15, 0 na 25. Jumla 60, wastani 12. Diko limepokea vyombo 40, basi mavuno ni kilo 480. Sasa karani anayependa usafi anaziona fomu mbili za sifuri, anadhani hazina kitu, anaziweka kando. Wastani unakuwa 60 kwa 3, yaani 20, na mavuno yanaruka hadi kilo 800. Bahari imepewa kilo 320 ambazo haikutoa. Karani aliyeiona hesabu hii hahitaji tena kuambiwa "usiache sifuri", na likija jambo ambalo hukulitaja ataweza kulipima mwenyewe.

Karatasi ya nia

Majawabu ya mtunzi yaandikwe kwenye karatasi mbili, zisizidi, zibandikwe ukutani mbele ya meza. Kijitabu cha kurasa 40 hakuna anayekifungua saa tisa mchana akiwa na fomu 30 mbele yake. Si kila kisanduku kinahitaji maelezo: "Injini: ndiyo/hapana" kinajieleza. Andika vile vinavyoweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa kila kimoja taja kinataka nini, namba itafanya kazi gani, kipimo chake, na cha kufanya karatasi inaposema jambo ambalo skrini haikulitarajia. Mfano:

*Kisanduku 7, Samaki (kg).* Samaki wote waliotoka baharini na chombo hiki kwa safari hii, pamoja na kitoweo na waliotolewa kabla ya mnada. Kazi: kukadiria mavuno ya mwezi. Kipimo: kilo nzima. Chombo kimekwenda, hakikupata: 0. Kimepata, hakikupimwa: 9999. Imeandikwa "+ kitoweo" bila ya kilo: ingiza kilo zilizopo, tia K kwenye kisanduku cha alama. Imeandikwa matenga au ndoo badala ya kilo: usigeuze mwenyewe, 9999, alama T, na idadi ya matenga iingie kwenye maelezo.

*Kisanduku 9, Bei.* Bei ya kilo moja mnadani, kwa shilingi kamili. Ikiandikwa "12" maana yake ni elfu kumi na mbili. Ingiza 12000 na tia alama B. Ikiwa ni bei ya fungu au ya tenga zima, usigawanye. Peleka kwa msimamizi.

Ile "usigeuze mwenyewe" ina sababu yake. Tenga la Msuka si lazima liwe sawa na tenga la Mkoani, na tenga la dagaa si tenga la changu. Karani akigeuza kwa makisio yake, makisio hayo yanapotelea ndani ya namba na hakuna atakayeweza kuyatoa. Akiacha matenga yakabaki matenga, mtunzi anaweza kwenda dikoni na mizani, akapima matenga kadhaa ya kila aina, akageuza yote kwa kipimo kimoja. Mambo ni hayo hayo kwa pishi na vibaba kwenye fomu za karafuu na mpunga, na kwa mwani, ambao mbichi huwa na uzito mara kadhaa ya mkavu na bado fomu inasema "mwani (kg)" tu.

Kitupu si sifuri

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi katika mafunzo, hata kama makarani wataona unarudia. Kisanduku kisicho na namba kinaweza kuwa na maana nne: jawabu ni sifuri, aliyeulizwa hajui, hakuulizwa au hakujibu, au suala halimhusu. Madodoso mengi hutumia 98 kwa hajui na 99 kwa hakujibu, na suala lisilomhusu huachwa tupu kwa sababu mshale wa "ruka hadi suala la..." umempitisha kando. Mtunzi anazihitaji zote nne zikiwa mbalimbali. Hajui wakiwa wengi, suala halikufahamika. Wasiojibu wakiwa wengi, suala linaudhi. Vitupu vikitokea mahali ambapo mshale haukuruka, mdadisi alichoka.

Mfundishe karani kufuata mshale kwa kidole kabla ya kuandika chochote. Suala la 5: "Chombo kina injini?" Hapana, ruka hadi 7. Basi 6 ikiwa tupu, iache tupu, usitie 0. "Nguvu ya injini: 0" ni jawabu la uongo, maana inasema injini ipo na haina nguvu. Na ikiwa 5 ni hapana lakini 6 ina namba, kuna mojawapo lililokosewa. Karani hana njia ya kujua lipi, kwa hiyo anaingiza yote mawili kama yalivyo na kutia alama.

Msimbo uliochaguliwa usiweze kuwa jawabu la kweli. 99 ni sawa kwa idadi ya mabaharia wa ngalawa, na ni hatari kwa kilo za samaki, kwani chombo kinaweza kuleta kilo 99 hasa. Ndiyo maana kisanduku 7 kina 9999. Na anayechambua lazima aambiwe kwamba 9999 si kilo. Vyombo 99 vyenye kilo 50 kila kimoja, pamoja na 9999 moja iliyosahauliwa, vinatoa wastani wa karibu kilo 150.

Saa, usiku na tarehe

Fomu nyingi zinazofika visiwani zilitungwa na mtu ambaye saa yake huanza usiku wa manane. Anayejibu huanza kuhesabu linapochomoza jua. Chombo cha dagaa kimetoka saa 12 jioni, kimerudi saa 11 alfajiri: saa 11 za kuvua. Bwana Diko kaandika "12" na "11". Kompyuta ikipewa hizo bila ya maelezo, itasema chombo kimekaa saa 23 baharini, au saa moja chini ya sifuri (-1), kutegemea ilivyoelekezwa. Amua na mtunzi kabla ya kuanza: ama karatasi iwe na neno la kuzungushia duara (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku) na mashine ifanye kazi ya kugeuza, ama karani ageuze kwa jadweli lililobandikwa ukutani. Njia ya kwanza ni bora. Karani anayegeuza saa mia mbili kwa siku atafika mahali atasahau kama ameshageuza au bado.

Usiku una tatizo lake pia. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule unaoingia Alkhamisi magharibi, maana siku huanza jua linapozama. Kijana wa skuli anaweza kukusudia Ijumaa baada ya isha. Safari ya usiku iandikwe kwa tarehe ya kurudi, na fomu iseme hivyo waziwazi. Kwenye kadi za kliniki, angalia miezi pia: mama akitaja mfunguo tatu anakusudia mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na mwandishi mwenye haraka huandika 3, ikaonekana kama Machi.

Kisha kuna kompyuta yenyewe. Excel kwenye mashine iliyopangwa kwa tarehe za Marekani huisoma 3/4 kuwa tarehe 4 Machi, na 13/4, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, huiacha kama maandishi. Kwa hiyo tarehe za siku 12 za mwanzo wa mwezi zinapinduka bila ya kelele na zilizobaki zinakaa kama maandishi. Kabla ya karani yeyote kukaa, andika 25/12 kwenye kila mashine uone inavyoipokea. Bora zaidi, tenga safu tatu: siku, mwezi, mwaka.

Majina ya mahali na namba zisizo za hesabu

Wilaya zetu zina majina ambayo ni maneno ya kawaida, na hilo huwachanganya hata wenyeji. "Anakotoka: Mkoani" ni wilaya, ni mji, au mwandishi alikusudia tu kwamba hakutoka mjini? "Kusini" ni wilaya ya Unguja, lakini pia ni nusu ya jina la mikoa miwili, Kusini Unguja na Kusini Pemba. "Kaskazini" inaweza kuwa A, B au Kaskazini Pemba. Tiba ni moja: karani asiandike jina la wilaya kabisa. Achague shehia, ngazi iliyo chini ya wilaya, kwenye orodha, na orodha ijaze wilaya na mkoa. Karatasi ikiwa na wilaya bila ya shehia, inarudi kwa msimamizi.

Namba za vitambulisho zitendewe kama maneno. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri, na ukishahifadhi hakuna kurudi. Namba ya simu hupoteza 0 ya mwanzo kwa njia hiyo hiyo. Ifanye safu iwe ya maandishi kabla ya tarakimu ya kwanza kuingia.

Majina ya watu: fomu iliyotungwa ugenini huuliza "jina la ukoo", ilhali watu wengi hapa wana jina lao, la baba na la babu. Muulize mtunzi anataka kufanya nalo nini. Kwa kawaida anataka kutofautisha watu, na kwa kazi hiyo majina matatu yanatosha. Khamis na Hamis yabaki yalivyoandikwa.

Majaribio ya fomu 10

Maelezo yakisomwa kila mtu huitikia kwa kichwa. Uelewa unaonekana kwenye fomu. Kwanza waache makarani wajazane fomu wao kwa wao, mmoja akiwa nahodha mwengine Bwana Diko, kwa nusu saa. Ikiwezekana wapelekwe dikoni asubuhi moja vyombo vinapoingia. Aliyeona jinsi Bwana Diko anavyoandika huku amezungukwa na wachuuzi ataisoma "+ kitoweo" kwa macho mengine.

Kisha tengeneza fomu 10 za kubuni, na katika hizo 6 au 7 tia tatizo moja moja: sifuri, kitupu kisicho na mshale, tenga badala ya kilo, saa isiyo na asubuhi wala jioni, 1 inayofanana na 7, injini hapana lakini nguvu ipo. Kila karani aingize zote 10 peke yake, bila ya kuulizana. Panga majawabu yao ubavu kwa ubavu. Mmoja akikosa peke yake, kaa naye. Makarani wakigawanyika nusu kwa nusu, kosa ni la karatasi ya nia. Irekebishe hapo hapo, na uwape fomu nyengine 5. Usianze kazi yenyewe mpaka hizo 5 zitoke sawasawa kwa wote.

Fomu hizo zisahihishwe mbele ya mtunzi. Mara nyingi yeye ndiye anayeshangaa zaidi.

Daftari la masuala

Kila meza iwe na daftari lenye safu sita: namba ya fomu, kisanduku, kilichoonekana, kilichoamuliwa, nani kaamua, tarehe. Kanuni ni kwamba karani haongezi, hapunguzi, wala hasahihishi kimyakimya. Anaingiza kilichoandikwa, anatia alama, anaandika daftarini. Msimamizi anaamua yale ambayo karatasi ya nia imeyagusa. Jambo jipya linakwenda kwa mtunzi siku hiyo hiyo, na jawabu lake linaongezwa ukutani na tarehe yake, ili meza zote zibadilike pamoja.

Karani anayeuliza sana asionekane mzito wa kufahamu. Ukilipa kwa idadi ya fomu tu, umemwambia asiulize. Fomu yenye suala daftarini ihesabiwe sawa na fomu iliyokamilika.

Vizuizi vya skrini

Watunzi wa programu hupenda kuweka mipaka: kilo zisizidi 500. Siku chombo cha ringi neti, wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, kitakapoleta kilo 900, skrini itakataa. Karani hatasimamisha kazi. Ataandika 500, au 90, chochote kitakachofungua mlango. Mpaka mkali haukuzuia kosa, umelitengeneza, tena umelivisha nguo ya ukweli. Tumia onyo linalouliza "Una hakika ni 900?" na likubali ndiyo. Excel ina ngazi tatu: ya kuzuia, ya kuonya na ya kuarifu. Ya kuzuia iwekee yale yasiyowezekana kabisa, kama mwezi wa 13. KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa, inakupa nafasi ya maelezo mafupi chini ya suala, ndipo mahali pa kuandika "pamoja na kitoweo". Mpangilio wa skrini ufuate ule wa karatasi, kisanduku kwa kisanduku, na maneno yawe yale yale.

Kuingiza mara mbili na kulinganisha, kazi ambayo CSPro, programu ya kuingizia taarifa za sensa na madodoso, inaifanya vizuri, hukamata vidole vilivyoteleza. Haikamati nia iliyofahamika vibaya, maana makarani wawili waliofundishwa kosa moja watalingana. Kwa hilo chukua fomu 20 kila wiki, ukae na karani, umuulize kwa kila namba: "Hii inasema nini kuhusu chombo?"

Mtunzi akiwa hayupo

Mradi umekwisha, mtunzi amekwenda zake, fomu zimebaki kabatini. Nia yake bado ina nyayo. Hesabu vyumba vya tarakimu: vitatu bila ya nukta ni namba nzima hadi 999, kwa hiyo hakutarajia nusu kilo. Fuata mishale, palipo na mshale alikuwa na kundi la watu asilotaka kuwauliza. Tafuta jadweli la ripoti ya mwaka wa nyuma, maana kila safu yake ilizaliwa kwenye kisanduku fulani. Kwenye dodoso la kaya, angalia kitenzi: "waliolala hapa" na "wanaoishi hapa" ni watu mbalimbali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti, hivyo mume mwenye nyumba Wete na nyengine Chake alihesabiwa mara moja, alikolala. Mvuvi wa Kojani aliyekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, yumo kwenye "wanaoishi" na hayumo kwenye "waliolala". Ukishaamua, andika kwenye karatasi ya nia kwamba ni uamuzi wako, sio wa mtunzi, pamoja na sababu.

Mwisho wa kazi lichukue daftari la masuala, hesabu kila kisanduku kimeulizwa mara ngapi, upeleke orodha kwa anayechapa fomu. Kisanduku 7 kikichapwa tena kisomeke: "Samaki wote wa safari hii, pamoja na kitoweo (kg)". Na tarehe ya mabadiliko iandikwe juu ya fomu mpya, ili kilo zikiongezeka ghafla mwezi ule asije mtu akadhani samaki wamezidi baharini.